Kutafuta mtoto ukiwa umevuka 38 huku Kusini: hili lisisubiri msimu wa korosho

BintiMasasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa wanawake na wanaume wa Mtwara na Lindi ambao umri umesogea na bado mnatafuta mtoto, awe wa kwanza au wa kuongezea. Mimi ni mwalimu, naishi Masasi, nina miaka 41, niliolewa nikiwa na 38. Bado sijapata. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani mwishoni nitaweka namba ya simu na kuanza kuuza dawa.

Mambo yetu mengi huku husubiri korosho. Ada ya shule, bati, mahari, hata kumpeleka mzee akatolewe mtoto wa jicho, yote ni "mnada ukianza". Sioni ubaya, pesa yetu inaingia kwa msimu. Ila suala la uzazi ukishavuka 38 lisiwekwe kwenye foleni hiyo. Kuanzia msimu mmoja hadi mwingine ni mwaka mzima, na mwaka mzima katika umri huu ni mwingi sana. Pimeni wote wawili, mwezi huu. Kama mfukoni kuna pesa ya kumpima mmoja tu, aanze mwanaume.

Kwa nini naharakisha watu? Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na milioni 2. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Akifika 37 ni kama 25,000. Hakuna mzizi, kidonge wala chai inayotengeneza yai jipya, na yale yaliyobaki yana umri ule ule alio nao mwenyewe. Binti wa miaka 25 mwenye afya ana nafasi kama 1 kati ya 4 au 5 ya kushika mimba kila mwezi. Mwenye 40 ni kama 1 kati ya 20. Na akishika, mimba kuharibika ni kitu cha kawaida zaidi: ukiwa na 40 na kitu ni karibu mimba 1 katika kila 3. Dada zangu mliopoteza mimba katika umri huu na mkaambiwa kuna mkono wa mtu, nawaomba mlisome hili mara mbili. Sehemu kubwa ya mimba hizo huharibika kwa sababu yai lenyewe lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Hakuna aliyewaroga, na ninyi hamkukosea kitu.

Ndiyo maana madaktari hawatoi muda sawa kwa watu wote. Ukiwa chini ya 35, jaribuni mwaka mmoja kabla ya kwenda hospitali. Ukiwa na 35 kwenda juu, miezi 6. Ukiwa na 40, usihesabu miezi, nenda moja kwa moja.

Naendelea baadaye, nina madaftari ya kusahihisha.

TandahimbaKwetu

Dada ahsante kwa uzi, unagusa wengi. Ila hapo pa mwanaume kuanza sijakuelewa. Mimi nina 46, nina watoto wawili kwa mke wa kwanza, na nguvu ninazo. Huyu mke wa sasa ana 37, mwaka wa pili huu hatujapata. Sasa mimi nipimwe nini?

BintiMasasi

Kaka, swali lako ndilo alilouliza mume wangu, karibu neno kwa neno. Naye ana watoto, wakubwa tayari, mmoja yuko chuo.

Nguvu na mbegu ni vitu viwili. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu za kutosha na kwenye maji yale mbegu zikawa chache, au haziendi mbele, au hazipo kabisa. Kwa macho hujui. Kwa utamu hujui. Na watoto aliozaa akiwa na 28 hawasemi chochote kuhusu mbegu zake akiwa na 46. Upande wa mwanaume unahusika katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, ama peke yake ama pamoja na wa mwanamke. Halafu kipimo chake ni cha bei ndogo kuliko vyote, hakina sindano wala maumivu. Kwa nini tuanze na mwanamke, tumlaze kwenye picha za mionzi na kumpa vidonge vya kupevusha mayai, na kumbe upande wa pili haujaguswa?

Naeleza kinavyofanyika maana wanaume wengi wanaogopa wasichokijua. Ukae bila kukutana na mwanamke na bila kujitoa mwenyewe kwa siku 2 hadi 7. Chini ya hapo mbegu zinakuwa chache, zaidi ya hapo nyingi zimezeeka. Kichupa wanatoa wao, cha plastiki chenye mdomo mpana, safi. Usipeleke kwenye chupa ya dawa uliyoosha nyumbani, wala kwenye kondomu, kondomu nyingi zina vitu vinavyoharibu mbegu. Na ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili.

Tulikoenda sisi hapakuwa na chumba cha kazi hiyo. Walimwonyesha choo cha wagonjwa, foleni nje, mtu anagonga mlango. Alitoka mikono mitupu, uso umemshuka. Hili lilinikasirisha, na hata leo linanikasirisha: hospitali inayopima mbegu ishindwe kutenga chumba chenye komeo? Tukachukua chumba gesti ya jirani. Baadaye akakifunga kichupa kwenye leso, akakibana kwapani ndani ya shati, tukapanda bodaboda tukiwa kimya. Kijana wa maabara aliuliza tu, "Saa ngapi, mzee?" Akaandika saa kwenye karatasi, akaibandika kwenye kichupa, akamwita anayefuata. Basi. Mume wangu alisimama pale kidogo kama mtu anayesubiri aambiwe jambo jingine, kisha akacheka.

Majibu yalikuja chini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Zake hazikufika, na zinazokwenda mbele zilikuwa kidogo. Daktari alimpapasa akakuta mishipa iliyovimba juu ya korodani ya kushoto, kitu kinachoonekana kwa wanaume wengi na ambacho kinaweza kupandisha joto na kuharibu mbegu. Akasema kipimo kimoja hakitoshi, kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu inatengenezwa kwa zaidi ya siku 70 mpaka ikomae. Maana yake mwanaume akiacha sigara na kupunguza pombe leo, faida ataiona kwenye mbegu za robo ijayo ya mwaka. Mwenzangu aliacha uraka na nipa, pombe zetu za mabibo, mabibo yenyewe yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kuanguka, wanaume wa huku mnajua uzito wa jambo hilo.

Na kaka zangu, kama kuna anayechoma sindano za homoni za kiume ili kuongeza nguvu au misuli, aache na amwambie daktari. Homoni hiyo ikitoka nje, mwili unaacha kutengeneza mbegu zake.

NahodhaKilwa

Naongezea kwa wanaume. Huku pwani yetu matende na mabusha yametusumbua miaka mingi, na watu wanaficha. Mimi nilikaa na busha tangu ujana nikaona aibu hata kwenda kwenye kambi ya upasuaji ilipopita. Nilipofanyiwa operesheni nilijilaumu kwa nini nilichelewa. Sisemi busha linamaanisha huzai, nimezaa nalo. Nasema mwenye uvimbe wowote huko chini akaonwe na daktari, asikae nao kimya huku mke anazungushwa kwa waganga.

Swali langu nitauliza chini, nasoma kwanza.

MamaMikindani

Mwanangu mleta uzi, umeandika vizuri. Mimi ni somo, yaani kungwi wa kufunda mabinti, nimecheza wali wengi, sasa ni watu wazima wana wajukuu. Ila zamani hatukuwa na hivyo vipimo na watu walizaa. Mwanamke akiwa na chango tulimchemshia mizizi, akapona, akabeba. Msitupe vya wazee wote kwa sababu mna karatasi za maabara.

BintiMasasi

Shikamoo mama. Situpi, na nakushukuru umeingia.

Somo wangu ndiye aliyenifundisha kuujua mwili wangu: kuhesabu siku, kutazama ute, kujua siku nzito na siku nyepesi. Wenzangu waliosoma mpaka chuo kikuu hawajui hayo. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, hukaa saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu inaweza kungoja ndani hadi siku 5. Kwa hiyo siku zenye nafasi ni zile tano za kabla na siku yenyewe, na ule ute unaovutika kama ute wa yai la kuku ndio dalili. Kukutana kila baada ya siku moja katika wiki hiyo kunatosha. Hayo yote nimeyapata kwa mwanamke wa rika lako mama, akiwa ameketi kwenye mkeka.

Ninachokataa ni hivi vinavyouzwa siku hizi mitandaoni na stendi. Dawa ya kusafisha kizazi, vidonge vya kuweka ukeni, kujifukiza, kuzibua mirija kwa wiki mbili. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Unaweka kitu ndani, kinaunguza, kinaleta maambukizi, na maambukizi ndiyo hasa yanayoziba mirija. Unakuwa umelipa pesa kununua ugonjwa ule ule uliokwenda kuutibu. Na maumivu makali ya kila mwezi ambayo wengi tunaambiwa ni chango, mengine ni maambukizi ya nyonga, mengine ni ngozi ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi, mengine ni uvimbe. Kila kimoja kina tiba yake. Ukichemsha mzizi mmoja kwa yote matatu, miaka inapita.

NesiLindi

Mimi ni muuguzi mkunga, niko mkoa wa Lindi. Mleta uzi amesema kweli, naongeza machache.

Wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu: haiharibu kizazi, lakini uzazi huchelewa kurudi, mara nyingi kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Kwa msichana si tatizo. Kwa mwenye 39 anayepanga kuzaa, aijue hesabu hiyo kabla hajachoma nyingine. Kijiti na kitanzi vikitolewa uzazi hurudi mapema.

La pili, kichocho. Waliokulia kwenye mabwawa, mito na majaruba ya mpunga, kichocho cha mkojo hakiishii kwenye kibofu. Mayai yake yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na mirija kwa miaka. Mwanamke anatibiwa "yutiai sugu" mara chungu nzima, kumbe ni kichocho. Mwambie daktari ulikulia wapi. Dawa ipo, prazikwanteli.

La tatu, anzeni foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba, kwa sababu mgongo na ubongo wa mtoto vinatengenezwa wiki za mwanzo kabisa, mama hajajua. Na ukiona siku zimepita, njoo kliniki mapema, usisubiri tumbo lionekane. Kuanzia 40 presha, kisukari cha mimba na kifafa cha mimba viko juu zaidi, na huku kwetu kuna malaria juu yake. Sitishi mtu, nimezalisha akina mama wa miaka 43 na 44 salama salmini. Lakini walikuja mapema.

DadaNachingwea

Naomba mnielekeze, picha ya mirija inauma? Nimeandikiwa na naogopa. Na jambo jingine, mimi Mmwera, nina 39. Mama mkwe wangu hasemi kitu. Anayenisema ni mama yangu mzazi. Wengine mnaelewa hili?

BintiMasasi

Dada, naelewa kabisa, mimi ni Mmakua. Watu wa mikoa mingine wanadhani mwanamke asiyezaa anasumbuliwa na mawifi peke yao. Kwetu sisi, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mtoto kwa asili ni wa ukoo wa mama. Usipozaa, ni nyumba ya mama yako ndiyo inayojiona inafungwa. Mama yangu amezaa wasichana wawili, mdogo wangu alifariki akiwa binti. Kwa hiyo anaponitazama naona anachokihesabu. Mjomba aliitisha kikao. Niliketi katikati ya watu ninaowapenda wakijadili tumbo langu, mume wangu nje chini ya mwembe, hakuitwa.

Lililonisaidia ni kumpelekea mjomba majibu ya hospitali ya wote wawili, nikamsomea. Nilimwambia, mjomba, tatizo liko pande zote mbili, na linatibiwa na daktari fulani tarehe fulani. Mzee yule alinyamaza, kisha akauliza anaweza kuchangia nini. Tangu siku hiyo kikao hakijaitishwa tena. Wazee wetu wengi hawana roho mbaya, hawana habari. Nakushauri mama yako aende nawe siku moja kliniki akasikie kwa masikio yake.

Picha ya mirija: hufanywa hedhi ikishakata na kabla yai halijatoka, kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi. Wanapitisha dawa ya rangi kwenye shingo ya kizazi, kisha wanapiga picha kuona kama inamwagika kupitia mirija. Inauma, sitakudanganya, kama maumivu makali ya hedhi, lakini ni dakika chache. Omba dawa ya maumivu umeze kabla. Usiende peke yako, na usirudi kwa bodaboda siku hiyo. Yangu ilionyesha mrija mmoja unapitisha na mwingine haupitishi. Mmoja unatosha kubeba, daktari alisema, ila nafasi inapungua.

Kabla ya picha hiyo pima vya kawaida: altrasaundi kuangalia uvimbe wa kizazi, homoni siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, tezi ya shingo, sukari. Kama wanaweza kupima akiba ya mayai, pima. Pa kuanzia papo huku huku: Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini kwa walio Mtwara mjini, Ndanda kwa sisi wa Masasi, Nyangao na Sokoine kwa watu wa Lindi. Ulizia kwanza daktari bingwa wa wanawake yupo siku zipi na mashine ipi inafanya kazi, ndipo upande gari.

NahodhaKilwa

Sasa swali langu. Mke wangu ana 44. Tulizaa mmoja miaka 15 iliyopita. Kuna mtu katuambia twende Dar tukapandikize, tuuze shamba. Mnasemaje?

BintiMasasi

Kaka Nahodha, nakujibu kama ndugu. Kupandikiza, ile wanayoita IVF, ni tiba ya kweli. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978 na tangu hapo wamezaliwa mamilioni. Lakini haifufui mayai. Ukiwa na 44 na kutumia mayai yako mwenyewe, nafasi ya kutoka na mtoto kwa mzunguko mmoja iko chini kabisa, haifiki hata 1 kati ya 10. Ukitumia yai la mwanamke mwingine kijana, nafasi inapanda sana, kwa sababu kinachohesabika ni umri wa yai kuliko umri wa kizazi. Hapo kuna swali la dini na la moyo, mkae ninyi wawili mlizungumze kabla ya kugusa pesa. Kliniki yoyote ikikupa matumaini bila kukutajia asilimia kwa umri wa mkeo, toka.

Gharama ni mamilioni, na kwa sisi wa Kusini kuna gharama nyingine haisemwi. Ile tiba inakwenda kwa siku na saa, sindano leo, altrasaundi kesho kutwa, kutoa mayai saa fulani. Hutaweza kwenda na kurudi. Mnakumbuka Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyokata barabara Somanga, mabasi yakalala njiani? Lazima mpange chumba Dar kwa wiki kadhaa. Ihesabuni hiyo pia.

Sisi tumekubaliana kiwango cha pesa ambacho hatutakivuka, na mikorosho ya mama yangu haimo. Hiyo mikorosho ni ya ukoo, ina watu wanaoitegemea. Kipimo cha pili cha mume wangu kimepanda, kwa hiyo daktari ametupa vidonge vya kupevusha mayai kwa muda mfupi, na ametaja mapema mwezi wa kusimama ikiwa hakuna kitu. Napenda daktari anayetaja mwezi wa kusimama. Shamba lako usiliuze kwa neno la mtu mmoja. Mke apime akiba ya mayai kwanza, hilo jibu litakwambia mengi.

NesiLindi

Naunga mkono. Na mama wa 44 akikosa hedhi miezi miwili, apime mimba lakini ajue pia inaweza kuwa mwili unaelekea kukoma hedhi. Yote mawili yanahitaji kliniki.

NahodhaKilwa

Ahsanteni sana. Shamba limepona kwa sasa. Nitakaa na mama watoto leo usiku.

TandahimbaKwetu

Dada mleta uzi, nimemsomea mke wangu uzi wote. Amelia kidogo, halafu akaniuliza kama kweli nitakwenda. Nimemwambia nakwenda. Yeye alikuwa msibani Newala, kwa hiyo leo ni siku ya tano hatujakutana. Kesho Alhamisi nina gari la kwenda Mtwara. Inafaa au nisubiri?

BintiMasasi

Kesho itakuwa siku ya 6, bado iko ndani ya zile 2 hadi 7, inafaa. Nenda kesho, fika asubuhi, kabla ya yote uliza kama wanapokea kipimo hicho Alhamisi na uchukue kichupa chao. Uliza na chumba. Wakikuonyesha choo, kuna gesti karibu. Na mkeo nenda naye siku hiyo hiyo, aanze altrasaundi wakati wewe unasubiri majibu.